Hatua za Sajenti

Sajenti Okullo alizikwa kwao Lango siku ya Jumatano, na Jumamosi mchana sisi ambao hatukuiweza safari ile tukaenda Makindye kumpa pole mjane wake, Mama Zainabu. Ua ni uleule niliokaa mwaka mzima nikiwa mpangaji wao, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, ila sasa una sakafu ya saruji na tangi la maji. Wanawake walikuwa kwenye mikeka upande wa jiko, wanaume kwenye viti vya plastiki chini ya turubai. Mimi sikujua nikae wapi, maana magoti yangu hayapendi tena mkeka, ndipo mtu mmoja mnene mwenye fimbo akanisogezea kiti. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Kapteni Mutua, rubani wetu wa zamani, Mkenya mwenzangu, ambaye siku zile alikuwa mwembamba kama ufito na sasa ana tumbo la mtu aliyestaafu vizuri. Tuliulizana habari za watoto, tukamsifu marehemu. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ana swali moja la kuniuliza, la ile mizani ya ofisini, na kwamba amelikalia muda mrefu mno. "Lakini kunywa chai kwanza," akasema. Nikainywa ile chai polepole kuliko chai yoyote niliyowahi kunywa, kwa sababu nilijua ni swali gani.

Mambo ya kwetu na namna nilivyovuka mpaka nitayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, najua kupiga chapa na kujibu simu kwa adabu, na nikapata kazi Nakawa kwenye kampuni ndogo iliyopeleka wageni kuwinda mbugani Karamoja. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la matairi, madirisha yakitazama soko, hivyo barua zetu zote kwenda Ulaya na Amerika zilinukia dagaa wakavu. Ukutani palikuwa na ramani iliyotobolewa kwa pini, na fuvu la nyati lililovunjika pembe moja, ambalo Bosi alitundikia kofia yake. Bosi tulimwita Bosi tu. Alikuwa Mnyankole mpana, mstaafu wa kazi ya wanyamapori, mpole hadi pale mgeni alipolalamika, na hapo upole uliisha kwetu sisi, si kwa mgeni. Kazi yangu ilikuwa kupanga. Mgeni huandika mwaka mmoja kabla, na kuanzia hapo ni vibali vya kuwinda, vibali vya bunduki, dawa za malaria, hema, mpishi, chumvi ya kuhifadhia ngozi, mapipa ya mafuta ya kutangulizwa kwa lori. Wageni wenyewe walikwenda kwa ndege, kwa sababu barabara ya kule ilikuwa siku mbili za kuumiza mgongo, na mvua ikinyesha udongo mweusi unashika gurudumu na hauliachi.

Ndege yenyewe ilikuwa ya injini moja na viti sita, yenye matairi manene ya kutua kwenye nyasi. Watu hudhani ndege ni nguvu, kumbe ndege ndogo ni hesabu tupu. Kila kitu hupimwa. Siku moja kabla ya safari tulipima ofisini wageni, mabegi, bunduki, risasi, vitunguu, sufuria, mpishi, na rubani mwenyewe. Kapteni Mutua hakukubali mtu amtajie uzito wake kwa mdomo. Alisema watu wawili hawasemi kweli juu ya kilo, mwanamke na mwanamume. Mizani tuliinunua sokoni hapo chini kwa wauza maharage, ya chuma, yenye sahani pana na uso wa duara kama saa. Na tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona mahali pengine: ule uso wa mizani uligeuzwa ukutani, kwangu mimi msomaji, asiuone mwingine. Bosi aliweka sheria hiyo baada ya mgeni mmoja kugombana na mshale nusu saa nzima, akivua viatu, akivua mkanda, akitaka kuvua zaidi. Basi mimi husoma kwa sauti, Kapteni huandika, na mgeni hukubali kwa sababu hana pa kukatia rufaa.

Hesabu ya pili ilikuwa ya urefu wa kiwanja. Kule mbugani hakuna lami. Kuna kipande cha ardhi kilichofyekwa, na kila mvua ikipita kiwanja hubadilika, mchwa wamejenga, mhanga amechimba, maji yamekata korongo. Kwa hiyo Sajenti Okullo alitangulia na lori wiki mbili kabla, akasawazisha, akafyeka, kisha akakipima kwa miguu yake. Kwa miguu, nasema kweli. Sajenti alikuwa amestaafu jeshi, mtu mrefu, mgongo umenyooka kama bado kuna mtu anamkagua, na hatua yake ya gwaride ilikuwa mita moja kamili. Bosi alikuwa ameithibitisha miaka mingi kabla yangu: alimtembeza hatua mia pembezoni mwa barabara ya Nakawa, wakafuata nyuma na tepu, na wauza matairi wakaweka dau. Ikatoka mita mia na kiganja. Tangu siku hiyo hakuna aliyepeleka tepu mbugani, kwa sababu tepu tulikuwa nayo, ina jina na inakula. Kapteni alikuwa na kipimo chake: kiwanja kikiwa mita mia tano na hamsini au zaidi, anatua na mzigo kamili. Kikipungua hapo, anabeba nusu na kurudi kuchukua nusu nyingine. Na kila msimu Sajenti alipiga simu kutoka mbugani, nami nikaandika kwenye faili, "Hatua 620," au "Hatua 600," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nilikaa kwake kwa sababu Bosi alinitafutia chumba na Sajenti akasema chumba anacho. Kilikuwa chumba cha mwisho katika safu, kimetengwa na chao kwa ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya kijani ya jeshi, rangi ambayo sikuuliza ilitoka wapi. Kitanda, ndoo, msumari wa kutundikia nguo mbili za kazini. Mama Zainabu alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu wa swala tano, fundi wa kushona, na mume wake alikuwa Mprotestanti aliyeimba besi kanisani. Nyama ya nyumbani ilichinjwa na jirani Mwislamu, Krismasi ililiwa na wote, Idi ililiwa na wote, na mwezi wa Ramadhani Sajenti alikunywa chai yake ya mchana nyuma ya choo kama mwizi, ingawa hakuna aliyemkataza. Siku ya kwanza nilinunua unga wangu wa posho na jiko langu la mkaa. Mama Zainabu akalitazama lile jiko, akalihamishia upande wake akalitia maharage yake, na tangu hapo sikupika tena. Nilikula gurusa alizokaanga asubuhi, nyembamba, za kuchovya kwenye mchuzi, na jioni malakwang ya Sajenti, mboga chachu ya kwao iliyokorogwa na karanga na simsim, ambayo mwanzoni ilinikunja uso na baadaye nikawa naitafuta sufuriani kwa kidole. Mimi nilikuwa nimekuja mjini peke yangu na moyo umenikauka kidogo. Katika ua ule nikaitwa binti, na nilipochelewa kutoka kazini chakula kilifunikwa sahani. Nisipoeleza hili vizuri, yanayofuata hayataeleweka.

Mwaka ule mvua za kwanza zilipokuwa zinapungua, Sajenti alianza kuchelewa kuinuka kwenye kiti. Alikaa mpaka watu waangalie pengine, ndipo anainuka, mkono mmoja nyongani. Nilidhani ni baridi ya asubuhi. Halafu jioni moja, jua bado lipo, nikiwa ndani nafua kola ya blauzi, nikamsikia Mama Zainabu akihesabu nje kwa sauti ya chini, kama anayehesabu vifungo. Nikachungulia kwenye pazia. Sajenti alikuwa anatembea kutoka barazani kuelekea choo cha mwisho wa ua, kifua mbele, mikono ikienda kijeshi, na mke wake amesimama na pini midomoni. Mguu wa kulia ulikwenda vizuri. Wa kushoto ulikwenda nusu, ukashuka kabla ya wakati wake.

"Ishirini na tano," Mama Zainabu akasema alipofika mlangoni mwa choo. "Toka tuhamie hapa ni ishirini."

Sajenti alisimama akimpa mgongo. "Sasa mimi nifanye nini?" akasema. "Choo imesogea."

Mama Zainabu alicheka, na Sajenti akacheka, na hata mimi nyuma ya pazia nilitabasamu. Kisha nikawasikia wameingia ndani, na kicheko hakikuingia nao. Kupitia zile mbao nikamsikia akimwambia mkewe kwamba ni nyonga tu, ni kitu ya kupita, na kwamba kule mbugani mguu unapata moto unafunguka. Mkewe akamwuliza kama ofisi inajua. Nilisikia kitanda kikilia chini ya uzito wake.

Kesho yake, Jumapili, wote wakiwa wametoka, nilichukua futi ya kushonea ya Mama Zainabu kwenye cherehani na kupima ule ua kutoka barazani hadi mlango wa choo. Futi ni ya mita moja na nusu, kwa hiyo nilitambaa nikiweka alama kwa kijiti kama mtoto anayecheza. Mita ishirini, pungufu kwa upana wa kiganja. Nilikaa chini palepale nikapiga hesabu kwenye vumbi. Hatua ishirini na tano katika mita ishirini. Hatua ya Sajenti, ile tepu yetu yenye jina, ilikuwa imebaki sentimita themanini. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Mama Zainabu aliporudi, akaniona, akaona futi yake ardhini, na akaelewa yote bila kuniuliza. Aliiokota, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, akaizungusha kidoleni.

"Binti," akasema, "usipeleke hii maneno ofisini. Wakimwacha, atakaa hapa barazani ananihesabia sindano mpaka afe." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa sijala, akanipakulia, na nilipokula nilijua kwamba nimeshakubali.

Wageni wa msimu ule walikuwa ndugu wawili, Wazungu watu wazima, wenye kiwanda cha milango huko kwao, na wao wenyewe walikuwa na upana wa milango. Walitaka nyati. Walikuwa wakingoja miaka mitatu, mkubwa akiwa ametoka kuumwa moyo, na barua zao zilinihurumisha kwa sababu waliuliza mambo ya kitoto, kama nyota zinaonekana, kama kuna mti karibu na hema. Nilikuwa nimewapangia kila kitu hadi aina ya jemu. Sajenti akaondoka na lori, amekaa mbele na dereva, na aliponiaga aliniambia nimwangalie mama. Siku ya tisa simu ya setilaiti ikaita ofisini. Sauti yake ilikuja kwa kuchelewa, kama inavyokuja kwenye simu zile, neno lako linasafiri, unangoja. Akasema maji yamekula upande wa chini wa kiwanja, korongo kubwa, lakini ameongeza kwa kufyeka upande wa juu, na sasa ni hatua mia sita, kama kawaida.

"Umehesabu mwenyewe, Sajenti?" nikamwuliza.

Neno langu likasafiri, kisha sauti ikafika. "Nani mwingine iko na hatua ya mita?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, ameshika nusu ya chapati. Akainua kidole gumba akacheka. Nikaandika kwenye faili, "Hatua 600." Mkono wangu uliandika vizuri, mwandiko wa shule, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mia sita za themanini ni mita mia nne na themanini. Nilizijua kabla sijaweka kalamu chini.

Nataka kusema nilipigana na nafsi yangu, ila sikupigana, nilizunguka tu. Siku mbili zilizofuata Kapteni Mutua alikuja ofisini mara tatu, akaketi kwenye kona ya meza yangu na kalamu yake ya risasi, akiuliza idadi ya masanduku, akila njugu zangu. Mara zote tatu nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikamwuliza kama anataka chai. Mara ya pili nikamwuliza ni nini hutokea kiwanja kikiwa kifupi na mzigo umejaa, akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba ndege inamaliza kiwanja kabla haijamaliza mwendo, na kule mwisho kuna korongo, kwa hiyo inaingia korongoni. Akachukua njugu nyingine. Mara ya tatu sikumwuliza kitu. Nyumbani Mama Zainabu hakuligusa jambo hilo hata kidogo, ila alinipakulia kuliko kawaida. Nilimkasirikia, nikamkasirikia na Sajenti kwa kiburi chake cha buti zilizopigwa rangi, na nikala.

Siku ya kupima nikapata njia yangu, na niliiona ya akili sana. Wageni walipanda ngazi wakihema. Bosi akawapa viti, mpishi akapanga masanduku, Kapteni akafungua daftari. Mimi nikakaa nyuma ya mizani, uso wake ukinitazama mimi peke yangu. Mgeni mkubwa akapanda sahani, mshale ukasimama kwenye mia na nne, na mimi nikasoma, "Mia na kumi na moja." Nilikuwa nimeamua kilo saba. Kila mtu na kila mzigo, kilo saba juu yake, ili jumla izidi na Kapteni agawe mzigo mara mbili. Ndugu mdogo alisikia uzito wake akamtazama kaka yake kwa huzuni, wakaambiana jambo juu ya vyakula vya hoteli. Mpishi, kijana mkavu kabisa, alishangaa akajishika tumbo. Bosi, ambaye naye alikuwa anasafiri kuwapokea, alipanda kwa majivuno, na niliposoma akashuka, akapanda tena. "Hii kiro imetoka wapi?" akauliza, na kwa wiki moja baadaye hakugusa matoke. Kapteni akapanda wa mwisho, akasimama wima akitazama dirishani. Mshale ulisimama sabini na mbili. Nikasoma, "Sabini na tisa." Akashuka, akaenda kwenye daftari, na nikaona kalamu yake imekaa juu ya karatasi muda kidogo kabla haijaandika.

Mizigo ilikuwa ishirini jumla, watu na vitu, na alipojumlisha zile kilo zangu za uongo zilikuwa mia na arobaini. Kapteni akasema imezidi. Bosi akaanza papo hapo kutoa vitu: sanduku la vinywaji libaki, hema la ziada libaki, mpishi afuate kwa barabara. Nikaona hatari, kwa sababu akitoa vya kutosha ndege itajaa mzigo ambao karatasi inaukubali, na kiwanja ni kilekile cha mia nne na themanini. Wageni wakakataa kuacha vinywaji. Bosi akataja magunia ya chumvi. Nikajua kwamba sasa itanibidi niseme, hapa, mbele ya wote, nikafungua mdomo kwa mara ya nne. Kapteni akafunga daftari. "Safari mbili," akasema. "Nusu asubuhi, nusu mchana." Bosi akaleta hoja zote za dunia, mafuta, muda, sifa ya kampuni. Kapteni akamsikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akarudia maneno yaleyale, na ikawa hivyo.

Siku ya kuruka nilikaa kando ya simu ya setilaiti nikiwa sijafungua hata barua moja. Saa nne na dakika kadhaa iliita, na Kapteni akasema wametua salama, anarudi kuchukua waliobaki. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. Saa tisa alipiga tena: nusu ya pili nayo imetua. Nilikwenda kwenye ngazi za duka la matairi nikalia, na wauza matairi wakadhani nimeachwa na bwana. Wale ndugu walikaa siku kumi, mkubwa akapata nyati wake siku ya sita, na waliporudi aliniletea jiwe dogo la mbugani ambalo bado ninalo. Wiki iliyofuata Kapteni akaja ofisini na tepu ya wapima viwanja, ya mita hamsini, kwenye kibweta cha ngozi. Akaiweka mezani kwa Bosi, akasema kuanzia sasa viwanja vyote anavyotua vitapimwa kwa hiyo, ni sheria yake mpya, haihusu mtu yeyote. Sajenti alikuwepo. Aliichukua, akaivuta kidogo, akaiachia ikarudi, akaitia mfukoni. Sikumwangalia usoni. Jioni hiyo tulikula wote watatu, na mazungumzo yalikuwa juu ya bei ya uzi.

Msimu wa mwisho wa mwaka Sajenti alitangulia tena, maana kufyeka na kusawazisha hakuna aliyemshinda, na hakuna aliyetaka kumwacha. Nilikuwa nimeshapata kazi nyingine Naguru na ile ilikuwa wiki yangu ya mwisho kwenye meza ile. Simu ikaita, nikavuta faili. Akasema ni mita mia nne tisini na mbili, kwa tepu. Nikaandika. Nilingoja akate, hakukata, na nikasikia upepo wa kule ukipiga kwenye simu.

"Binti," akasema. "Choo haikusogea."

Kisha akakata. Nilibaki na kile kidubwasha sikioni. Alikuwa amejua, basi, tangu jioni ile, kwamba nyuma ya pazia kuna mtu, na kwamba mtu huyo anajua kuhesabu. Hatukulizungumza kamwe. Alinisindikiza nilipohama, amebeba ndoo yangu, na miaka yote iliyofuata nilipowatembelea alisimama wima mlangoni kana kwamba mimi ni afisa anayeingia, nami nilikuwa nikiona aibu na furaha kwa pamoja.

Hii ndiyo hadithi niliyojisimulia kwa zaidi ya miaka ishirini, na ndani yake mimi ni msichana mwerevu aliyeokoa watu watano na heshima ya mzee mmoja kwa kilo saba. Kapteni alingoja chai yangu iishe pale chini ya turubai. Halafu akaniambia kwamba wiki ile ya kupima alikuwa ametoka kwa daktari wa marubani, ambako hupimwa hadi meno, na alikuwa na kilo sabini na mbili. Niliposoma sabini na tisa alidhani nimekosea. Kisha akakumbuka begi la vitunguu ambalo yeye mwenyewe alilipandisha ngazi kwa mkono mmoja, na akaona kwamba ninadanganya, na ninadanganya kwa kipimo kilekile kila mara. Watu hupunguza kilo, akasema, hajawahi kuona anayeongeza. Akajua kuna kitu mbele ninachokiogopa. Ndiyo sababu alikataa hoja za Bosi, akatua na nusu ya mzigo kwenye nyasi za kwanza kabisa, na baada ya kusimamisha injini akatembea kiwanja chote hadi korongoni, peke yake.

"Sasa niambie," akasema. "Kwa nini hukuniambia tu?"

Jibu nilikuwa nalo tayari siku zote, kwamba nililinda kazi ya mzee. Nikalitafuta, na huku nikiwa nimekaa kwenye ua ule, kile chumba cha mwisho kikinitazama na pazia la mpangaji mwingine, halikutoka. "Niliogopa kuondolewa hapa," nikasema. "Nilikuwa nakula nao, Kapteni. Sikuwa na kwingine."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na kama wiki ile singepimwa na daktari, ningekubali kuacha masanduku mawili ya Bosi, nikaenda nimejaza. Karatasi yako ingesema kiwanja mia sita. Wangesema rubani amekosea. Mke wangu angezeeka na hiyo."

Nilimjua mkewe. Nilimwandikia kadi za Krismasi mwaka ule, kwa niaba ya ofisi. Katika hadithi yangu yote, sikuwahi kumweka mahali popote. Nikamwomba Kapteni msamaha, hapohapo kwenye msiba wa watu, kikombe mkononi, na sikuongeza maelezo. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Alichukua kikombe changu akakiweka chini karibu na chake, akanipa mkono nimsaidie kuinuka, akasimama kidogo ameegemea fimbo mpaka nyonga ikubali. Halafu akauliza choo kiko wapi.

"Kulekule mwisho wa ua," nikamwambia. "Hatua ishirini."

Akautazama ule umbali, akaitazama fimbo yake.

"Za nani?" akauliza.